Ng'ombe Wanywe Kwanza

Ninyi vijana mliokabidhiwa josho letu, na wengine mtakaokabidhiwa majosho ya vijiji vingine, haya nawaandikia myasome mkiwa mmekaa. Msiyasome mkiwa mlangoni na makundi mawili yanasukumana. Pale mlangoni hakuna kusoma. Pale kuna kutazama.

Mimi nimesoma mpaka darasa la nne. Mkiona herufi zimelala, ziacheni zilale. Mjukuu wangu Neema alitaka aniandikie kwenye simu, nikakataa, kwa sababu simu yake inajifanya inalijua neno kabla sijalimaliza. Nimenunua daftari dukani hapa mjini, Mandewa, ninapokaa sasa kwa mwanangu Elisha, na ninaandika baada ya chakula cha mchana nyumba ikiwa imetulia.

Habari za vyeo hamtazikuta humu. Nilianza nikiwa mchota maji, nikamaliza nikiwa mchota maji mwenye ufunguo.

Siku ya kwanza nilifika josho nikiwa na ndoo kichwani. Pampu ya kisima ilikuwa imeharibika, tangi limepungua, kijiji kikaita wanawake wachote maji kutoka lambo, bwawa la kunyweshea mifugo. Tulikuwa tisa. Siku ya tatu wenzangu wakachoka, wakaacha. Mimi sikuacha, na msidhani ni bidii. Nyumbani kulikuwa na mama mkwe, na josho lilikuwa na utulivu zaidi.

Mwangalizi wa josho wakati huo alikuwa Mzee Ntandu, mtu mfupi, mkavu, asiyependa maneno. Siku ya nne akanikuta namimina ndoo ya mwisho.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe mke wa nani?"

"Wa Yohana."

"Unaogopa ng'ombe?"

"Ng'ombe siwaogopi. Naogopa wenye ng'ombe."

Akanitazama, akasema, "Kesho uje kabla ya jua." Ndiyo usaili wangu wote niliofanyiwa katika maisha.

Kwa yule ambaye hajawahi kuliona, josho ni shimo refu la saruji lililojaa maji ya dawa, jembamba kiasi kwamba ng'ombe hawezi kugeuka. Anaingia kwa njia nyembamba iliyozungushiwa miti, anakanyaga maji ya kuosha kwato, anafika ukingoni, anaruka. Anazama mpaka kichwa, anaibuka, anaogelea, anapanda ngazi upande wa pili na kusimama kwenye uwanja wa saruji akichuruzika, na yale maji yanarudi tangini. Dawa inaua kupe. Kupe wakiachwa, ng'ombe anapata ndigana, tezi zinavimba chini ya masikio, anakataa kula, anakufa. Kazi ni hiyo tu. Ilinichukua miaka ishirini na sita kuijua.

Vifaa vyangu vilikuwa vichache. Fimbo yenye mikato ya kupimia kina cha maji, ambayo Mzee Ntandu aliichonga mwenyewe na hakuruhusu mtu aitumie kufukuzia mbwa. Mti mrefu wenye panda mbele, wa kuzamishia kichwa cha ng'ombe anayeogelea huku kainua shingo kama bwana harusi, maana kupe wabaya kuliko wote wanakaa masikioni. Koleo la kutolea tope. Sabuni ya kipande, na hiyo ninunulieni hata kama kijiji hakijaleta, msile ugali kwa mikono ya dawa.

Dawa inatulia chini ya tangi likikaa siku nyingi. Kwa hiyo ng'ombe wa kwanza wanaoruka asubuhi wanaruka kwenye maji matupu, na miguu yao ndiyo inayokoroga. Hao warudisheni waruke mara ya pili. Wenyewe watalalamika kwamba mnawachelewesha. Waacheni walalamike, kupe hawasikilizi malalamiko. Mimi mwaka wa kwanza niliwahurumia watu, nikawaachia waende, na kundi zima la jirani yetu likarudi baada ya wiki masikio yamejaa kupe kama mtama. Mzee Ntandu hakunigombeza. Alinipa kibano na debe la mafuta ya taa, akaniambia niwatoe mmoja mmoja. Nilitoa kupe siku mbili.

Kugawa dawa kwa maji nilijifunza kwa fimbo ile ile. Mkato huu, kopo moja. Mkato huu, makopo mawili na nusu. Darasa la tatu mwalimu alinisimamisha mbele ya wenzangu akaniita ng'ombe kwa sababu sikujua kugawanya. Mwaka mmoja baadaye nikaacha shule. Nilipokuwa nasimama pale ukingoni nagawanya dawa ya ng'ombe elfu na zaidi bila kuua hata mmoja, nilikuwa namkumbuka mwalimu yule, na namkumbuka vibaya.

Hapo nataka niseme jambo kuhusu majina haya, kwa sababu ninyi vijana mnayatumia kama chumvi. Nimekaa na wanyama hawa kuliko wanaowatukania wenzao. Mtu akikosea mnamwita ng'ombe. Ng'ombe ninayemjua mimi, ukimchapa mara moja pale anaporukia, wiki ijayo anafika pale pale anasimama, anakutazama wewe mwenyewe, hamtazami mwingine. Aliyewahi kuunguzwa ngozi na dawa kali, itabidi umsukume mwezi mzima. Ni mtu anayesahau. Mbuzi mnasema hana akili. Mbuzi haruki josho. Anafika ukingoni, anayanusa yale maji, anakaa chini, na itabidi umbebe mikononi na kumtumbukiza, na akitoka atakupiga pembe. Kama hiyo si akili basi sijui akili ni nini. Mwanamke anayefanya kazi kutwa wanamwita punda, na aliyemwita hivyo ukimtafuta utamkuta amekaa. Mwinjilisti wetu kila Jumapili anatuita kondoo wa Bwana, na hilo silipingi, lakini kondoo namjua: wa kwanza akirukia upande wa kulia, mia wote wataruka kulia, hata kama upande huo mmeweka koleo. Sijui kama mwinjilisti anajua anaomba nini.

Nimesema hayo nikijua kwamba na mimi nililitumia neno hilo, na sasa nitaandika nililitumiaje.

La muhimu kuliko yote aliyonifundisha Mzee Ntandu lilikuwa maji. Ng'ombe asiruke akiwa na kiu. Ng'ombe aliyeshiba maji anaogelea kinywa kimefungwa. Mwenye kiu akizama kwenye maji anakunywa, hajui kwamba ni sumu, anajua ni maji. Kwa hiyo palikuwa na utaratibu. Kila mwenye ng'ombe akifika mlangoni aliulizwa kwa sauti, "Wamekunywa?" Naye ajibu kwa sauti, na ataje mahali. "Wamekunywa, lambo." "Wamekunywa, kisimani." Watu wote wasikie. Ndipo mlango ufunguliwe.

Mzee Ntandu alipoacha kazi miguu imemshinda, alinipa fimbo, ufunguo, na ndama jike mwenye madoadoa. Alisema ndama huyo ni wa kwangu mimi, si wa Yohana, na alimwita Yohana akamwambia hivyo mbele yangu. Kwetu Wanyaturu hilo si jambo dogo, ng'ombe ni wa baba mwenye nyumba. Ndama akakua, akazaa, na watoto wangu walikunywa maziwa yake. Nilimwita Madoa. Mzee Ntandu alifariki kabla ya haya ninayotaka kuyaeleza, na nashukuru kwamba hakuyaona.

Palikuwa na mjane akiitwa Mama Njiku. Alikuwa anakaa mbali, ng'ambo ya mbuga, na wajukuu wake watatu. Alikuwa na ng'ombe watano na ndama mmoja wa kunyonya: maksai mmoja wa kulimia, ng'ombe mwekundu wa maziwa, na wengine watatu. Ng'ombe hao ndio walikuwa shamba lake, ndio maziwa ya wale watoto. Hakuwa na kingine. Alikuwa mtu wa polepole. Ukimwuliza kitu anakaa nacho kwanza, halafu ndipo anajibu, na akijibu anajibu chote.

Siku moja ya kiangazi foleni ilikuwa ndefu mpaka barabarani. Jua kali, mafahali wawili wanatafutana pembe, watu wanapiga kelele. Mama Njiku akafika mlangoni. Alikuwa mkubwa kwangu kwa umri, mimi ndiye niliyetakiwa kumwamkia. Sikumwamkia.

"Wamekunywa?"

Akawageukia ng'ombe wake. "Hawa wawili wamekunywa lambo. Maksai amekunywa kidogo, halafu akafukuzwa na ng'ombe za watu. Huyu mwekundu alikataa, nadhani kwa ajili ya tope, na yule wa nyuma sikumwona vizuri kwa sababu..."

"Mama, nimekuuliza wamekunywa au hawajakunywa! Wewe ni ng'ombe?"

Nyuma yake alikuwepo Kitundu, Mnyiramba wa Misigiri aliyeoa kijijini kwetu. Mnajua Wanyiramba ni watani wetu, na huyu alikuwa hashibi utani. Akapaza sauti, "Mama Josho, unamchelewesha bure! Mfungulie aruke yeye kwanza, naye ana kupe!"

Foleni nzima ikacheka. Na mimi nilicheka. Hapo ndipo nilitaka kuruka wakati naandika, nikaona hapana, niliandike.

Mama Njiku aliwageuza ng'ombe wake, akarudi nao lambo, akaja tena watu wote wakiwa wameondoka, nikawaogesha. Tangu siku hiyo kila akionekana kwenye foleni Kitundu alilia kama ndama, na wengine wakamwitikia. Mtani wako akikutania unamrudishia, ndivyo utani ulivyo. Mama Njiku hakuwa na maneno ya kurudisha haraka. Alikuwa anatazama chini.

Nataka mwone kitu ambacho mimi sikukiona siku ile. Katika miaka yangu yote pale mlangoni, hakuna mwenye ng'ombe aliyewahi kunijibu vizuri kama alivyonijibu yule mama. Wengine wote walisema "wamekunywa" kama mtu anavyosema "salama" huku ana homa. Yeye alinieleza ng'ombe mmoja mmoja. Na ndiye niliyemtukana.

Baada ya wiki mbili lambo lilikauka likawa tope tupu. Kilibaki kisima, na kisimani kulikuwa na foleni yake. Mama Njiku alifika josho mapema kuliko nilivyozoea kumwona.

"Wamekunywa?"

"Wamekunywa."

"Wapi?"

"Kisimani."

Alijibu upesi upesi, swali halijatua chini. Na mimi, nitawaambia ukweli, nilifurahi. Nilisema moyoni, haya, leo amejifunza. Nikafungua mlango.

Maksai alitangulia. Akaruka, akazama, akaibuka. Nikanyoosha ule mti wenye panda nimzamishe kichwa, na kabla haujamgusa nikaona kichwa kinashuka chenyewe. Mdomo umezama, koo linapanda na kushuka. Nimeona ng'ombe wengi wakiogelea. Huyu alikuwa anakunywa.

Nikapiga kelele mlango ufungwe. Lakini josho halina kurudi nyuma, mnalijua, aliyeingia ameingia. Wanne walikuwa tayari majini au ukingoni. Mwekundu naye alikunywa, nikimpiga mdomoni kwa mti bila huruma, akanywa hivyo hivyo. Wale wawili wengine tuliwavuta kwa kamba mpaka ngazini wakawa wameonja kidogo. Wa tano alibaki nje ya mlango.

Bwana mifugo alikuja kwa pikipiki kutoka upande wa Ihanja na sindano zake. Alikuja haraka, sina la kumlaumu. Maksai alikuwa ameshaanguka kwenye uwanja wa kuchuruzikia, mate yanamtoka, misuli inamtetemeka kama anafukuza nzi. Alikufa kabla ya saa sita. Mwekundu akamfuata. Wale wawili wakapona.

Mama Njiku alikuwa amesimama, mkono wake uko juu ya mgongo wa yule aliyebaki. Hakulia. Nilimwendea, nikamwuliza, na sauti yangu bado ilikuwa kali, sikujua kuwa na nyingine: "Mbona ulisema wamekunywa?"

Akakaa na swali kama kawaida yake. Halafu akasema, "Kisimani palikuwa na foleni. Ningengoja, ningechelewa huku, ningeanza kueleza, mngenicheka."

Nikaenda nikaosha mikono kwa sabuni, nikaosha tena, ingawa ilikuwa safi.

Siku ya tatu mkutano wa kijiji ukaitwa. Watu walikuwa wameanza kusema dawa ni mbaya, wengine wakisema wataacha kabisa kuleta ng'ombe, na mkiacha kuogesha ndigana inakuja. Mwenyekiti alitaka amalize jambo.

"Mama Josho, simama. Uliuliza kama ng'ombe wamekunywa?"

"Niliuliza."

"Alijibu nini?"

"Alijibu wamekunywa, kisimani."

"Nani alisikia?"

"Tulisikia!" Watu wengi. Kitundu akiwa wa kwanza.

"Basi dawa haina kosa, na mwangalizi hana kosa. Kosa ni la mwenye ng'ombe. Kaa."

Nikakaa. Nataka mjue kwamba nilikaa. Kila nililosema lilikuwa kweli, na kazi yangu ilikuwa imepona, na ningeweza kwenda nyumbani.

Mwenyekiti akamgeukia Mama Njiku. "Mama, unakubali kosa ni lako?"

"Ndiyo, ni langu."

Upesi upesi. Swali halijatua chini. Sauti ile ile ya mlangoni, macho chini, ili jambo liishe na watu waache kumtazama. Nilipoisikia ile sauti mara ya pili nikasimama bila kuitwa.

"Mwenyekiti, sijamaliza."

"Si umeshakaa?"

"Nimesimama tena. Wiki mbili kabla ya siku ile, mama huyu nilimwuliza swali hilo hilo, akaanza kunijibu ukweli, ng'ombe mmoja baada ya mwingine. Nikamwita ng'ombe mbele za watu. Mkacheka, na mimi nikacheka. Ameleta jibu fupi kwa sababu nilimfundisha mimi kwamba jibu refu linachekwa. Ng'ombe wale nimewaua mimi."

Watu wakaguna. Kitundu akanyanyuka nusu. "Mama Josho, ule ulikuwa utani tu!"

"Wewe ulitania, una haki yako. Mimi na Mama Njiku hatuna utani. Mimi nina ufunguo."

Nikautoa kiunoni, nikauweka juu ya meza ya mwenyekiti, nikaondoka. Ufunguo ulikaa kwake wiki tatu. Kisha wakaniita niuchukue. Sidhani walikuwa wamenisamehe, ila kupe hawakuwa na muda wa kungoja wakutane tena.

Lakini kabla ya hapo nilikuwa na kazi nyingine. Ule mkutano ulikwisha asubuhi, jioni nilimwambia Yohana kwamba nampeleka Madoa kwa Mama Njiku. Madoa alikuwa na maziwa, ndama wake ameshakua anakula majani. Kule ng'ambo kulikuwa na ndama wa yule mwekundu, hana mama, na watoto watatu.

Yohana akaweka kikombe chini. "Unatoa ng'ombe kwa sababu ya neno?"

"Ndiyo."

"Neno moja?"

"Ndiyo, moja."

"Na sisi tutakunywa nini?"

"Chai ya rangi."

Akafikiri, akasema, "Ni wa kwako. Mzee alisema mbele yangu." Akainuka akanitafutia kamba nzuri. Yohana ni mtu wa maneno machache, Mungu amrehemu, na mara nyingi yalikuwa yanatosha.

Asubuhi nilivuka mbuga na Madoa. Ni mwendo wa saa mbili na zaidi, majani yote yameungua kwa jua, na kila hatua nilikuwa natunga la kusema. Nilikuwa na hotuba nzima. Mama Njiku alinikuta nje ya uzio wa miiba, amebeba ndoo.

"Shikamoo, dada," nikasema. Safari hii nilitangulia.

"Marahaba."

"Nimekuletea huyu. Awe wako, na atakaowazaa wawe wako."

Alimtazama Madoa, hakunitazama mimi. Akatazama ubavu wa kushoto, pale nyuma ya mbavu. Akakaa na jambo lake. Halafu akauliza:

"Amekunywa?"

Hotuba yangu yote ikapotea. Nilisimama pale na kamba mkononi, mimi niliyewauliza watu swali hilo miaka yote, na sikuwa na jibu lolote isipokuwa la kweli. "Bado. Nimetoka naye nyumbani, nikasahau kumpitisha majini. Nilikuwa nafikiria habari zangu."

Alikuwa na haki ya kucheka. Ningekuwa mimi ningecheka. Alishusha ndoo aliyoitoa mbali, akaisukuma kwa Madoa kwa mguu. "Anywe kwanza," akasema, "halafu tutaona." Na Madoa alipokuwa anakunywa akaniambia, "Kigoda kile pale."

Ndama wa mwekundu alikuwa analia nyuma ya miiba. Tulimpaka chumvi mgongoni ili Madoa amrambe. Siku ya kwanza alimpiga teke, nikamfunga miguu ya nyuma. Nililala huko siku mbili. Siku ya tatu alimwacha anyonye. Habari ya lile neno hatukuizungumza, wakati ule wala baadaye. Tulizungumza habari za chumvi.

Niliporudishiwa ufunguo nilibadilisha kazi. Kwanza, kijiji kilijenga birika la maji pale pale nje ya mlango wa josho, mita chache tu, na tulilijenga kwa mikono, wanaume wa foleni na mawe yao. Ng'ombe wote wanakunywa mbele ya macho yenu. Pili, sikuuliza tena lile swali. Ninyi nanyi msiulize. Mtu mnayemtisha atawaambia lile mnalotaka kusikia, na ng'ombe ndiye atakayelipa. Tazameni ubavu wa kushoto, nyuma ya mbavu ya mwisho. Pakiwa pamebonyea kama bakuli, hajala wala hajanywa. Pakiwa pamejaa, fungueni.

Tatu, niliomba mtu wa kusimama nami mlangoni, nikamtaja Mama Njiku. Mwenyekiti akasema, "Yule si wa polepole sana?"

"Ndiyo maana namtaka."

Tulifanya kazi pamoja mpaka alipozeeka. Siku ya kwanza Kitundu alikuja na ng'ombe wake, anatabasamu. "Lo, leo tuna maaskari wawili!"

Mama Njiku alipita ubavuni mwa kila ng'ombe, taratibu, foleni ikimngoja mpaka barabarani. Akarudi. "Huyu wa tatu hajanywa. Mrudishe birikani."

"Aa, mama, huyu nimemnywesha mwenyewe kwa..."

"Mrudishe."

Kitundu akamrudisha. Ng'ombe yule akanywa maji kama aliyetoka safari ya Itigi. Mama Njiku akangoja mpaka amalize, kisha akasema kwa sauti ile ile ya chini, "Na wewe mwenyewe, Mnyiramba, umekunywa? Maana ubavu naona umejaa tangu asubuhi." Watu walicheka mpaka ng'ombe wakashtuka, na Kitundu akacheka kuliko wote, kwa sababu kila mtu alijua ametokea kilabu cha pombe. Huo ndio utani, vijana. Mmeona, wote wawili walikuwa wamesimama, hakuna aliyetazama chini.

Macho yangu yalipoanza kunidanganya kwenye mikato ya fimbo, niliacha. Ufunguo mnao ninyi. Fimbo ya Mzee Ntandu mnayo, na nimesikia kuna mmoja wenu ameitumia kufukuzia mbwa. Nitakuja.

Nilidhani kazi imeisha nilipohamia hapa mjini. Wiki hii, mchana, nilikuwa barazani nachambua kunde. Neema, yuko kidato cha pili, alikuwa mezani anamfundisha mdogo wake Pendo, wa darasa la tatu. Kugawanya.

"Umeelewa?"

"Hapa pa kushusha, mimi sijui kwa nini ile sifuri..."

"We mbuzi kweli! Nimesema mara tatu! Umeelewa, hujaelewa?"

Mama yao akacheka kutoka jikoni.

"Nimeelewa," Pendo akasema.

Upesi upesi. Swali halijatua chini. Nikatupa macho, nikamwona anatazama meza, na kalamu ameshaiweka chini.

Niliweka ungo pembeni, nikaingia ndani, nikavuta kiti.

"Neema, funga mdomo, ufungue daftari. Mama Neema, epua hicho chungu, uje ukae hapa. Pendo, umesema hujui kwa nini ile sifuri. Endelea pale pale ulipokatizwa, taratibu, mpaka mwisho. Na katika nyumba hii, kuanzia leo, hakuna wa kucheka mpaka mtu amalize."